Isale na Uyoga wa Sekei

Alhamisi, 18 Aprili 2024
Mvua ilikatika jioni, nikarudi kutoka kazini kwa miguu. Chini ya ile mipaini ya barabarani, hapa Sekei — uyoga umetoka! Vichwa vinne! Kofia za kahawia, zinateleza kama zimepakwa mafuta. Nilichuchumaa kwenye tope na sketi ya ofisini. Chini ya kofia hakuna vile vijikaratasi vya uyoga wa kawaida. Ni sponji, vitundu vya njano. Ule uyoga uitwao boleti kabisa. Mimi na Ephraimu tuliutafuta masika mawili, enzi za uchumba wetu. Sasa umetoka, na yeye anamwoa Agnela Jumamosi ijayo.
Dada mwenye ndizi kichwani kanipitia: huo hata mbuzi anaukwepa, wewe unaulilia?

Ijumaa, 19 Aprili
Uyoga mmoja niliung'oa mzima nikaja nao; Mama kaitoa sahani yake nje, juu ya tenki la maji. Ati sumu hailali na masufuria.
Sijaukata. Ukikatwa unasubiri: kuna unaogeuka bluu, kuna unaobaki vilevile. Ndivyo unavyoutambua. Tuliapiana hakuna kukata peke yako. Kiapo cha kijinga. Kile kikubwa, cha kuoana, alikivunja kwa meseji.

Jumapili, 21 Aprili
Ephraimu amekuja. Suti ya ibadani, na isale mkononi. Isale! Kwetu Wachaga ukiletewa jani hilo umeshasamehe, hata kama ni damu. Anajua. Kamwamkia Mama shikamoo, kasema hawezi kwenda madhabahuni nikiwa na kinyongo naye. Nikasema siko tayari. Mama akashangaa: isale inauliza utayari?
Halafu yeye — Nety, ule uyoga pale kwenye tenki! Umeupata wapi? Umekata? Uso ulimwaka kama zamani. Alisahau kilichomleta. Na mimi nilisahau, kidogo tu, nikaanza kumweleza kuhusu mipaini. Hapo ndipo moyo uliponikatika.
Nimebeba sahani na kisu, nimejifungia chumbani. Huko sebuleni vikombe vinalia. Mama kagonga: mgeni hawezi kunywa chai na isale mkononi, Anneth, unatutia aibu! Sikufungua.
Nimekata. Peke yangu.
Sasa kuna mtu mlangoni, hagongi. Sauti ya chini: Nety, umegeuka?
Naangalia. Pembeni, kisu kilipopita, bluu inaanza kupanda. Nzuri mno. Anasubiri.