Beseni na Kona Saba

Jumatatu, 4 Juni 1956

Maji, moto, uji, nepi. Nepi tena. Rozi anaota meno, hakulala, na mimi sikulala. Papa Rozi amerudi saa sita, kiwiko kimechubuka, suruali imepasuka gotini. Ile suruali moja ya maana. Pikipiki ilimutupa kwenye majani, kona ya tatu. Jana, kona ya tatu. Juzi vilevile.

Akanyosha mikono amubebe mutoto. Rozi akalia kama ameona muzungu. Miezi kumi, na baba yake ni mugeni kwake. Yeye akacheka. Mimi niliona uso wake kabla ya kucheka.

Jumanne, 5 Juni

Leo naandika yote, labda kichwa kitapumua.

Miaka saba Papa Rozi anatembea kwa miguu juu ya reli, njia ya Kabalo, nyundo mukononi, anatafuta nati zilizolegea. Wiki tatu kule, siku nne nyumbani. Sasa watu wa chanjo wanatafuta mutu wa pikipiki, wa kupeleka dawa vijiji vya mulimani. Anaenda asubuhi, anarudi jioni. Kila jioni! Konji yake, likizo ya reli, inaisha mwezi huu. Egzame, mutihani wao, ni Jumamosi ya tarehe 16: kupanda mulima na kushuka, kona saba, chupa kumi na mbili za maji ndani ya sanduku. Chupa zikifika nzima, anapata kazi. Zikivunjika, anarudi kwa reli.

Barabara iliyonyooka anaiweza. Kona njo taabu. Ni nyembamba, zina changarawe, na mufereji uko pembeni unangoja.

Jumatano, 6 Juni

Fundi Salumu, anayemufundisha, alipita nyumbani. Mutu wa familia ya wafanyabiashara wa ziwa, Kiswahili chake kama cha Kigoma, hata akitukana ni kizuri. Akaangalia sanduku lilivyofungwa nyuma, juu kabisa.

“Ndugu yangu, umebeba dawa au bibi harusi? Uzito wote uko nyuma. Gurudumu la mbele linaelea, litageuka na nini?”

Wakalishusha, wakalisogeza karibu na kiti. Papa Rozi akaambiwa akae mbele, magoti yashike tanki. Mipira ikapunguzwa upepo kidogo, ishike changarawe vizuri. Mchana ameanguka mara mbili tu. Nimefurahi kwa kuanguka mara mbili. Hayo njo maisha yangu.

Ijumaa, 8 Juni

Somo la leo: mwili ubaki wima, pikipiki njo ilale chini yako. Kanyaga kwa nguvu kwa muguu wa nje. Breki ushike kabla ya kona, si ndani yake. Alifanya mazoezi juu ya benchi letu uani, anaegemea huku, anaegemea kule, anatoa sauti ya pikipiki kwa mudomo. Rozi alimuangalia kwa mbali. Hakulia, hakucheka.

Kwa mudomo anajua yote. Kule mulimani amepita kona nne. Ya tatu, mufereji uleule.

Mugongo unaniuma. Nimechoka na mulima ule na hata sijaupanda.

Jumamosi, 9 Juni

Nimeupanda. Nilienda kununua mihogo kule juu, Rozi mugongoni, beseni kichwani. Nikakaa kwenye jiwe karibu na kona ya tatu, nikamungoja.

Alipita mara tatu. Mara tatu niliona kitu kimoja. Akifika kona, kidevu kinashuka kifuani. Anaangalia gurudumu! Anaangalia chini hapo karibu, kama bado anatafuta nati kwenye reli. Reli inajipinda yenyewe, inakupeleka. Barabara haikupeleki. Anaangalia jiwe, anapiga jiwe. Anaangalia mufereji, anaingia mufereji.

Wakati wa kushuka, beseni limejaa, ndipo nikajua. Sikuwa naona miguu yangu. Sijaona miguu yangu njiani tangu nina miaka saba. Macho yako mbele, pale njia inapotokea, na miguu inafuata.

Nilimuambia jioni, tukila. Akasukuma sahani.

“Mama Rozi, wewe umepanda pikipiki lini?”

Nikamujibu: “Na wewe umebeba beseni lini? Libebe, uone.”

Akatoka nje. Nililia kidogo, nikaosha vyombo.

Jumapili, 10 Juni

Misa. Siku ndefu sana kwa nyumba ndogo.

Jumatatu, 11 Juni

Nilikuwa nyuma napepeta unga. Nikasikia maji yakimwagika na mutu akigumia. Papa Rozi! Beseni kichwani, shati lote maji. Mutu muzima wa reli. Aliogopa nicheke, na mimi niliogopa kucheka.

Akalijaza tena. Akazunguka nyumba. Kwenye pembe ya jiko, pale pembamba, akaangalia miguu, maji yakamushukia puani. Mama Feza, jirani yetu, alikuwa kwenye ua wake, shingo ndefu.

“Eee, Mama Rozi! Umepata muke mwenza na husemi? Papa Rozi, ukimaliza kuchota uje unisuke!”

“Nakuja,” Papa Rozi akamujibu, bila kugeuza shingo. “Andaa kitana.”

Akapita pembe ya jiko akiangalia kamba ya nguo kule ng’ambo. Tone moja halikuanguka. Mama Feza akarudisha shingo yake. Siku yangu nzuri mwezi huu wote.

Alizunguka mupaka uji ukaiva.

Alhamisi, 14 Juni

Kona saba! Kupanda na kushuka. Fundi Salumu anauliza amefundishwa na nani. Papa Rozi amemuambia ni beseni. Fundi anadhani ni jina la mutu.

Ijumaa, 15 Juni

Ameanguka. Kona ya tatu. Chupa tano zimevunjika. Anasema aliwaza kesho, akawaza Kabalo, na macho yakashuka yenyewe.

Hakula. Nimemukanda bega kwa maji ya moto. Naogopa. Sitaki kulea mutoto huyu peke yangu na barua za kutoka Kabalo. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 16 Juni

Alienda saa moja. Sikuenda. Nimefua hata visivyo vichafu.

Saa nne, hakuna.

Saa sita, hakuna. Mama Feza alileta viazi, akakaa na mimi. Hakufanya mizaha, na hiyo iliniogopesha zaidi.

Saa nane akaja, kwa miguu, mikono mitupu. Nikajua yameisha. Akakaa kwenye benchi. Akasema pikipiki imebaki kwa biro, ofisi ya watu wa chanjo, wanaandika namba juu yake. Anaanza kazi Jumatatu. Chupa kumi na mbili, nzima zote. Kwenye kona ya tatu aliangalia juu, akaliona lile jiwe nililokalia, macho hayakuliachia mupaka akapita.

Nilimupiga na kitambaa kwa kunitisha. Halafu nikakaa chini.

Alhamisi, 21 Juni

Maji, moto, uji, nepi. Jino la tatu limetoka. Bado nina usingizi wa mwezi mzima.

Anarudi kila jioni na vumbi jekundu mupaka masikioni. Juzi Rozi alilia alipomuona. Jana alimuangalia tu.

Leo nilikuwa namulisha uani. Pikipiki ikasikika mbali, chini ya soko. Rozi akaacha kijiko. Hakuniangalia mimi. Akageuza macho kwenye pembe ya ukuta wa Mama Feza, pale baba yake anapotokea, akangoja, mudomo wazi, uji kidevuni.

Akatokea.

Nimerudisha benchi ukutani, mazoezi yameisha. Nalala mapema.