Majaji Walioteuliwa na Rais

Mjukuu wangu Nasra,

Assalaam alaykum. Huku Maskati sote wazima, alhamdulillahi. Ami yako kahamia Al Amerat, na kila akija kwangu hulalamikia njia.

Umeniuliza kama mahakama ya katiba inaweza kweli kuifuta sheria ya serikali, au ni maonyesho tu. Mimi nna shaka na wakubwa tangu ujana wangu, basi nikwambie nilichokiona.

Nilipokuwa nikisoma ugenini, rafiki yangu Zuwena, mwalimu, alifukuzwa kazi kwa sababu kaolewa. Ndivyo ilivyosema sheria ya nchi ile. Akaenda kuipinga sheria yenyewe mbele ya mahakama ya katiba.

Nikamwambia, "Majaji wote kawateua rais. Unajisumbua bure."

"Nitawasikiliza kwanza," akanijibu.

Nikafuatana naye. Jaji mmoja, aliyemwoa binti wa rais, alimuuliza wakili wa serikali, "Mwalimu mwanamume akioa, naye hufukuzwa?" Wakili akakiri kwamba hafukuzwi. Siku ya hukumu, jaji yule yule ndiye aliyetusomea kwamba sheria ile inapingana na katiba, kwa hivyo ni batili.

Watu wakakumbatiana. Mimi bado sikuamini, maana hukumu haina miguu ya kwenda shuleni. Shule ilipofunguliwa nilimsindikiza Zuwena, nikasimama nje ya darasa nikingoja aje mtu kumtoa. Hakuja mtu. Nikasikia watoto wakimwamkia, naye akawaambia wafungue vitabu.

Hapo ndipo nilipoondoka.

Mungu akuhifadhi, na ule vizuri.

Bibi yako, Salma