Kioo cha Mniko na Kitambaa cha Karai

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana nina furaha ya kuruka na aibu ya kujificha, vyote kwa pamoja. Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, nakaanga sangara hapa Nyasura, Bunda, na mchumba wangu ni Mniko, dereva wa taksi, mwanaume ambaye akicheka mimi nasahau kugeuza samaki. Wiki iliyopita aliegesha gari mbele ya kibanda changu mchana akaenda kunyoa, nami kwa mapenzi tu nikasema ngoja nimfutie kioo cha mbele, nikachukua kitambaa ninachoshikia karai la mafuta, nilikuwa nimekifua jamani, nikafuta, nikaona ukungu, nikaongeza sabuni ya unga, jua kali, ikakaukia palepale, nikafuta tena nje na ndani, nikajipongeza.

Kumbe jioni hiyo alikuwa anamtoa shangazi yake Bhoke kutoka Butiama kumpeleka Musoma, jua likawa mbele yao, kioo chote kikajaa michirizi myeupe, Mniko akaendesha kichwa kiko nje ya dirisha, na shangazi akamwuliza, "Wewe Mniko, kioo unakipakaga samli?" Mpenzi wangu badala ya kunitaja akajibu, "Nilifuta mwenyewe, shangazi, nisamehe." Sasa shangazi anawaambia ndugu wote kwamba asiyeweza kutunza kioo hawezi kutunza mke, na Jumamosi yeye ndiye msemaji wa posa, wanakuja kwetu Manyamanyama kwa gari hilohilo, na ameapa akiona mchirizi hata mmoja hafungui mdomo, posa isubiri mwakani. Nimeshasugua mara tatu, michirizi ipo tu! Nifute na nini? Na je, niseme ni mimi, au ninyamaze niolewe?

Gaudensia, Nyasura

*

Gaudensia mwanangu, nimecheka mpaka chai imenipalia. Nilipomaliza kukohoa nikakasirika. Kitambaa cha karai! Wewe unayekaanga sangara kila siku hujui kwamba mafuta yake hayatoki kwa kufua mara moja? Na mwambie huyo Mniko kwamba dereva asiyeona mbele anasimamisha gari, hata kama shangazi ana haraka.

Haya, sikiliza. Ijumaa jioni gari likae kivulini mpaka kioo kipoe, kwa sababu kioo cha moto kinakausha sabuni kabla hujaisuuza. Unga achana nao. Weka matone machache ya sabuni ya maji ya vyombo kwenye ndoo, osha kwa sponji mpya, suuza mpaka povu liishe kabisa. Halafu inua waipa ufute mpira wake, maana nao umeshakunywa mafuta yako, ndiyo sababu umesugua mara tatu bure. Kisha maji yenye siki kidogo na vitambaa viwili vya pamba, kimoja kibichi, kimoja kikavu. Fulana kuukuu ya Mniko inafaa sana. Nje futa kwenda kulia na kushoto, ndani futa kutoka juu kwenda chini. Mchirizi ukiwa umelala, uko nje. Ukisimama, uko ndani. Hutahangaika kuutafuta.

Kuhusu kunyamaza, hapana. Mwanaume amebeba aibu yako wiki nzima na wewe unataka aingie nayo kwenye ndoa? Shangazi akishuka, mpokee, piga goti, mpe maji ya kunywa, na kabla ng'ombe hata mmoja hajatajwa mwambie, "Shangazi, kile kioo nilikiharibu mimi. Cha leo pia nimefuta mimi." Usilie, usijieleze zaidi ya hapo.

Kisha mkabidhi kile kitambaa kikavu, atafute mchirizi mwenyewe. Asipouona, umeolewa.