Pont Ndefu Kwenye Kilima cha Potopoto

Kasongo, katikati ya mvua

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe pamoja na Mama, na naomba maneno haya yawafikie mkiwa wazima huko Kindu. Jicho linaendeleaje? Msafiri aliyetoka huko alitueleza kwamba daktari ameridhika na operesheni, ila bado umefungwa kitambaa, na umekatazwa kuinama, kubeba kitu kizito na kukasirika. Tulicheka kidogo kwa hilo la mwisho, utusamehe. Sisi huku hatujambo. Mihogo ya nyuma ya nyumba imekubali, paa la jikoni mdogo wangu Dady ameliziba, na majirani wanauliza habari zenu kila siku.

Mama, najua wewe ndiye unayemsomea. Nakuomba usome polepole na usiruke kitu, hata ukifika mahali utakapotamani kuruka. Baba, ningeweza kupiga simu, lakini kwa simu wewe hukata kabla mtu hajamaliza. Ndiyo maana nimekaa chini nikaandika.

Nianze na gari, maana najua ndilo utakaloulizia. Ninyi mlipokwisha kuondoka, pont ya nyuma ilikufa. Dady alikuwa akitoka Nyangwe na mzigo wa samaki wakavu, akasikia chini kelele kama mtu anasaga mawe. Alipolifungua lile tumbo la chuma la pont, lililo katikati ya magurudumu, akakuta meno ya gia kubwa yamekatika. Mji mzima haukuwa na pont kama ile. Alichopata ni ya gari jingine la aina ileile, lililokuwa limelala uwanjani kwa fundi, gari lililotengenezwa kwa ajili ya lami. Boliti zilikubali, matundu yalilingana, ikaingia vizuri. Ila hesabu ya meno yake si ile.

Wewe ndiye uliyenichorea jambo hili mchangani nilipoanza kushika usukani. Kwa pont yako ya zamani, shafti inazunguka karibu mara tano ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Injini inapiga kelele, mazutu yanakwisha haraka, lakini gari linaondoka na mzigo bila kusita na kilima linakipanda. Pont ya Dady ni ndefu: shafti haifikishi hata mara nne na gurudumu limekwisha kuzunguka. Kwenye njia tambarare gari lilikuwa raha tupu, injini inanong'ona tu, na mazutu ya safari moja yalianza kutosha na kurudi. Dady alijisifu mtaa mzima. Lakini kuondoka likawa zito, na penye mwinuko lilikuwa linakosa pumzi. Jambo baya zaidi ni kwamba pont ya mbele ilibaki yako ileile. Kwa hiyo mbele na nyuma havikuwa vikienda mwendo mmoja, na tukakubaliana kwamba yale makufuli ya magurudumu ya mbele, unayoyageuza kwa mkono, hatutayafunga kamwe mpaka tupate pont inayolingana.

Basi tulikwenda Kabambare, mimi na Dady, kuchukua maharagwe na karanga za wachuuzi. Tulirudi kwa zamu, na pale njia ya miguu ya Wamaza inapoingia barabarani nilikuwa mimi kwenye usukani. Tulikuta watu wamesimama katikati ya njia wakipunga majani. Walikuwa wamebeba mgonjwa kwenye tipoyi ya miti, mama mtu mzima, amefunikwa kitenge mpaka kidevuni. Pamoja nao alikuwa anfirmie wa kituo chao cha afya, kijana aitwaye Blaise, viatu vyake amevishika mkononi. Alieleza kwamba utumbo wa yule mama ulikuwa umejifunga, tumbo limekuwa gumu kama ubao, na dawa zake yeye zimefika mwisho. Pikipiki ingemuua kwa mitikisiko. Kilichobaki ni kisu cha daktari, Kasongo, siku hiyohiyo.

Nilishuka nikamtazama mgonjwa usoni. Dady naye alishuka, akamtazama, kisha akanivuta kando nyuma ya gari. Alikataa. Sababu yake nitaieleza mbele, nakuomba uvumilie. Alisema kwa sauti ya chini, "Yaya, dada yangu, unajua Baba alisema nini." Nilimjibu kwamba najua, na nikaanza kuteremsha magunia. Alisimama akiniangalia nikiburuta la kwanza, la pili. Halafu akaja akashika upande mwingine wa gunia. Tuliyaacha yote kando ya njia, mmoja wa wabebaji akakaa kuyalinda, tukamlaza mgonjwa nyuma juu ya majani na maturubai. Blaise alikaa karibu na kichwa chake. Wabebaji wengine wakapanda pembeni.

Unakifahamu kile kilima kinachofuata, chenye korongo upande wa kushoto. Chini ni mawe, katikati mvua imekigeuza potopoto nyekundu, na juu karibu na kilele ni mawe tena. Nilikishambulia kwa gia ya kwanza kama kawaida. Gari lilipanda kidogo, likatetemeka, likazimika. Nilirudia, nikishikilia klachi nusu, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Likazimika tena. Hapo niliielewa pont ndefu kwa mwili wangu wote, Baba. Injini ilikuwa nzima, ila kila mzunguko wake ulidaiwa kazi kubwa kuliko ilivyoweza.

Dady ndiye aliyefikiri. Alisema tuweke ile gia ndogo ya milimani lakini makufuli ya mbele tuyaache wazi, ili nguvu yote iende nyuma peke yake. Tulifanya hivyo. Gari likaanza kupanda mawe polepole, bila kuzimika, na nikadhani tumeshinda. Tulipoingia potopoto, magurudumu ya nyuma yakachimba. Wabebaji waliruka chini wakasukuma, tukakata matawi tukatandika, nayo yakamezwa. Nyuma yetu korongo lilikuwa wazi.

Blaise aligonga kioo. Alisema mshipa wa mgonjwa unakimbia na unazidi kuwa mwembamba, na kwamba ameanza kuita watu waliokufa. "Kama analala hapa," alisema, "kesho hatutakuwa na mutu ya kupeleka."

Nilishuka nikaenda kwenye gurudumu la mbele, nikageuza kufuli. Dady alinishika mkono.

"Yaya, hii ya mbele na ya nyuma hazielewane. Kitu itavunjika."

"Ndani ya potopoto magurudumu yatateleza, yatasameheana."

"Na kule juu kwenye majiwe?"

Nilikwenda upande wa pili nikageuza la pili.

Magurudumu ya mbele yalishika. Gari lilitoka kwenye shimo lake likinguruma, nyuma likipiga chenga huku na huku, matope yakiruka mpaka juu ya paa. Nilihisi kwenye usukani jinsi mbele ilivyozuia na nyuma ilivyosukuma, kama watu wawili wamebeba kitanda kimoja na hawakubaliani mwendo. Lakini tulikwenda. Tulipoyafikia mawe ya juu, Dady alikuwa akikimbia pembeni akinipungia nisimame, ili afungue makufuli. Alikuwa sahihi kwa upande wa chuma. Lakini breki ya mkono haikuwa ya kutegemewa, potopoto ilikuwa nyuma tu ya magurudumu, na kama lingeteleza, lingekwenda korongoni pamoja na Blaise na yule mama. Sikusimama. Usukani ulikuwa mzito hata mikono ikaniuma mabegani. Gari lilikakamaa lote, likawa linalia, kisha chini ya miguu yangu kukapasuka kitu kwa mlio kama wa bunduki. Wabebaji walilala chini. Nilidhani tumekwisha.

Lakini magurudumu ya nyuma yalikuwa bado yanavuta, tena kwa wepesi kuliko mwanzo. Tulifika kileleni. Kilichovunjika ni kiungo cha shafti ya mbele. Shafti ilining'inia na kutoboa bati karibu na mguu wangu. Dady aliingia chini matope yakiwa bado yanachuruzika, akaifungua na kuitupa nyuma. Alipotoka hakunilaumu. Aliniuliza kama mgonjwa anapumua.

Kutoka pale, kama ujuavyo, njia inateremka halafu inakuwa nzuri mpaka mjini. Na hapo, Baba, ile pont iliyotaka kutuua ndiyo iliyotubeba. Nilirudisha gia kubwa, nikaliacha gari lichanganye mwendo polepole, na lilipokwisha kuchanganya lilikwenda kama sijawahi kuliona likienda. Kwa pont yako injini ingekuwa inapiga mayowe na mimi ningeogopa kuipasua. Hii ilikuwa imetulia, mtikisiko kidogo tu, na Blaise aliweza kumshikilia mgonjwa. Nilipiga honi kila palipo na baiskeli. Dady alikuwa akiomba kwa sauti, yeye ambaye kanisani hupelekwa kwa kusukumwa. Tuliingia Kasongo watu wakielekea msikitini kwa sala ya magharibi, na daktari alimpokea mgonjwa hapohapo. Alikata kipande cha utumbo kilichokuwa kimeshakuwa cheusi. Alisema tungechelewa kidogo tu zaidi, angetupokea kwa kutupa pole.

Yule mama ni mzima. Sasa nifike mahali pa sababu ya Dady.

Baba, yule mama ni shangazi Léocadie, dada yako.

Nilimtambua mara tu nilipouona uso wake, kwa sababu ni uso wako. Na nilikumbuka vizuri uliyosema baada ya kumzika Bibi: kwamba aliyemwacha mama yake azikwe bila yeye, hatakanyaga nyumba yako wala gari lako. Nilikumbuka, na nikampakia. Dady usimguse kwa hili. Yeye alikutii mpaka pale alipoona siwezi kulibeba gunia peke yangu.

Lakini kuna jingine. Alipopata nguvu ya kukaa, nilimuuliza hospitalini kwa nini hakuja. Hakutaka kusema. Nilimsumbua. Mwishowe alieleza kwamba habari ya kifo ilipomfikia aliondoka Wamaza siku ileile kwa miguu, amebeba mchele wa msiba. Mtoni alikuta watu wenye silaha. Walichukua mchele, wakamchukua na yeye. Alipoachiliwa, Bibi alikuwa amekwisha kuzikwa zamani, na nyumbani alikuta neno lako linamngoja. Nilimuuliza kwa nini hakukueleza. Alisema, "Kaka hakuniulizaka. Angeniuliza, ningesema." Waliyomfanyia huko hakuyataja, na mimi sikuuliza.

Ametoka hospitali. Yuko hapa nyumbani, nimemlaza katika chumba cha Bibi. Daktari amesema asipande tena njia ile mpaka kidonda kifunge kabisa, nami nimesema hapandi mpaka atakapotaka mwenyewe. Ukirudi na hutaki kumkuta, nijulishe kabla, nitapanga nyumba nyingine nihamie naye. Sisemi hivi kwa kukukosea adabu. Ila sitamrudisha kwa neno ambalo lilitamkwa bila yeye kuulizwa.

Magunia ya wachuuzi tuliyapata salama. Pont ya mbele inayolingana bado tunaitafuta, na kwa sasa gari halitoki mjini.

Mama, asante kwa kusoma mpaka hapa. Baba, jitunze jicho, usilifikiche, na ukitaka kunigombeza ngoja kitambaa kitolewe kwanza. Dady anawasalimu sana, majirani wote wanawasalimu, na Blaise, aliyepita jana kukagua kidonda, anakusalimu ingawa hakujui.

Shangazi naye anakusalimu. Hakutaka niiandike salamu hii, alisema hutaipokea. Nimeiandika.

Mimi binti yako akupendaye,

Sidonie