Kamera Iliyofunikwa Kitambaa

Jumatatu, 2 Novemba
Mashuka, mashuka, mashuka. Nusu yake yamechanika pindoni. Wageni wa hoteli hii sijui wanalala au wanapigana mieleka. Nimeshona mpaka adhuhuri, kidole kimetoboka mara mbili.

Saa ya chakula nimepata gazeti jingine la kamera kutoka sebuleni. Halina jalada, kama kawaida. Maboi wa vyumba huyachana majalada wakabandika ukutani kwao. Nikiona hivyo nataka kupiga mtu.

Lakini ukurasa wa mwisho! Tangazo la Kampuni, wale watengeneza kamera. Kamera yao mpya, imefunikwa kitambaa. Umbo tu linaonekana. Chini neno moja: Subirini. Basi. Nimelitazama mpaka chai imepoa. Wanatuchezea hawa. Una kitu, kionyeshe. Huna, nyamaza.

Nimeuchana ule ukurasa nimeutia kifuani. Haya, na mimi mchanaji.

Jumatano, 4 Novemba
Nimelichora lile umbo mara sita. Juu kushoto kitambaa kina kinundu. Kinundu hicho ni kipima mwanga, hakiwezi kuwa kingine. Maana yake mpigaji hatabahatisha jua tena, kisindano kitamwambia. Kulia pamenyanyuka kidogo, kama kidole kimejificha. Huo ni mkono wa kusogeza filamu. Unavuta mara moja, tayari. Na mbele ni fupi, kwa hiyo itaingia mkobani.

Wataitoa kwenye maonyesho yao Ulaya. Meli itaileta Mombasa kabla ya Ramadhani. Nina hakika. Nimesoma magazeti yao kumi na moja, kamusi mkononi, hakuna aliyenifundisha. Kwale nzima nani anaijua Kampuni kama mimi?

Rajabu, yule anayepeleka chakula mezani, amechungulia mchoro wangu. "Mishi, huyu ng'ombe umemvalisha buibui kwa nini?" Jikoni kote wakacheka. Namchukia Rajabu. Kazi yake kupeleka sahani na kurudisha sahani.

Jumapili, 8 Novemba
Gazi, kwa mjomba. Arusi ya binti yake Zuhura ni Jumamosi tarehe 19 Desemba. Anaolewa Tanga. Akishaondoka, kumuona tena ni majaliwa. Mpakani siku hizi wanauliza karatasi.

Mkaza mjomba, Bi Mwanasiti, anataka kitu kimoja tu: sura ya mwanawe ibaki nyumbani. Si sura ya kujifunika. Anaitaka ile ya siku ya kutolewa mbele ya wanawake, kapambwa, hina mpaka kwenye viwiko, nywele wazi zimejaa maua. Pale mwanamume haingii, hata awe na kamera ya dhahabu. Na wapiga picha wote wa pwani hii ni wanaume. Nimebaki mimi. Nimeshapiga filamu mbili kwa kamera ya mwenye duka wa Msambweni. Mbuzi wake, mnazi wake, mlango wake. Zikatoka vizuri.

Mjomba ametoa neno: zao la minazi ya bibi linunue kamera. Minazi ile ni ya upande wa mama, na kwetu mali hufuata upande wa mama, kwa hiyo ni haki yangu. Wala hakunipa kwa huruma. Mwenye duka anafunga, anahama, ile kamera yake ya kukunja anaiuza. Mjomba akauliza tuichukue?

Nikasema hapana. Ya nini? Kuukuu, ngozi yake imebabuka, kipima mwanga haina. Ngoja ya Kampuni. Nikamwonyesha tangazo. Akaligeuza huku na huku.

"Mbona haionekani?"

Nikamweleza kinundu. Nikamweleza meli. Akaitikia kwa kichwa. Mjomba humwamini aliyesoma.

Ijumaa, 13 Novemba
Mjomba amesema mbele ya watu, baada ya sala. Kwamba Mishi wake ana kamera inakuja na meli, inapima jua yenyewe. Mama kasikia sokoni Ukunda kabla mimi sijasikia! Sasa kila mtu ananiuliza. Wanawake wawili wa Waa wananitaka nao kwa arusi zao.

Nimefurahi. Nimeogopa pia. Nimewaandikia duka la kamera la Mombasa, barua ya pili hii. Kimya. Kama hawajui kusoma waseme.

Jumanne, 24 Novemba
Mwenye duka ameiuza ile ya kukunja. Kamuuzia nani? Rajabu!

Amekuja nayo kazini imening'inia shingoni. Anafungua, anafunga, inalia kama mlango wa choo. Anampiga mpishi picha, kiziba cha jicho hakukitoa. Mpishi kakaa vile, kavuta tumbo, hajui anapigwa giza. Sikumwambia. Apoteze filamu yake, mjinga.

"Yako bado iko baharini?" kaniuliza. "Isije ikalowa."

Jumatano, 2 Desemba
Barua imejibiwa. Mistari mitatu. Hawana habari ya kamera mpya yoyote ya Kampuni. Waongo. Au wanaificha wauze kwa wakubwa. Nimeikunja barua ndogo kabisa nikaikanyaga.

Siku kumi na saba zimebaki.

Alhamisi, 3 Desemba
Sijui nianze wapi.

Asubuhi nimepeleka mashuka chumba cha mwisho. Mgeni, mama wa kizungu, yuko barazani anasafisha kamera yake kwa kijitambaa. Nimesimama kama nimepigwa msumari. Kinundu kushoto. Mkono mdogo kulia. Mbele fupi. Ni yenyewe! Kila kitu nilichosema, sawasawa, sijakosea hata kimoja!

Lakini ilikuwa imechakaa. Pembeni chuma kimetoka rangi. Kamba imeunganishwa kwa uzi.

Nikamuuliza kwa Kiingereza changu, umeipata wapi mapema hivi. Akacheka, si kwa ubaya. Akasema hii? Hii nina mwaka wa tano nayo. Kampuni wameshaacha hata kuitengeneza.

Miaka mitano.

Nimeyaacha mashuka sakafuni nikaenda sebuleni kwa msimamizi. Haya magazeti huja kwa posta lini? Akaniona kichaa. Posta gani? Kuna kasha zima ghalani. Yule mzungu mwenye shamba, aliyeondoka wakati wa Uhuru, aliwaachia hoteli vitabu vyake na takataka zake. Msimamizi huchomoa machache kila mwezi, anaweka mezani, ili wageni wasione yale yale.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nabashiri kitu kilichokwisha. Napiga ramli ya jana! Nachora kinundu kama shehe wa nyota, na watu wengine washakichosha wameshakitupa. Na tarehe ilikuwa kwenye jalada. Na jalada liko ukutani kwa maboi, nimepita hapo kila siku, sikusoma kwa sababu nilikuwa na hasira nao.

Nawachukia maboi. Namchukia yule mzungu na kasha lake. Kampuni ndiyo naichukia zaidi, na subirini yao. Tusubiri nini? Wenzetu wanakula, sisi tunaonyeshwa mifupa tunaambiwa ng'ombe yuaja.

Jumapili, 6 Desemba
Nimekwenda Gazi. Nimemwambia mjomba. Nilitaka kumwambia kidogo kidogo, ikatoka yote.

Alivua kofia, akaiweka gotini. Afadhali angepiga.

"Mishi, mimi sijui kusoma. Uliposoma wewe, nimesoma mimi. Sasa watu wazima nimewadanganya kwa mdomo wa nani?"

Akaniambia niende mwenyewe nikamweleze mkaza mjomba. Yeye haendi.

Bi Mwanasiti alikuwa anatwanga liwa ya kumsinga Zuhura. Hakuacha kutwanga. Aliniuliza tu, basi haitakuwapo? Nikasema nitaipata nyingine. Akasema mwanangu, ahadi moja yatosha.

Nimelia njia nzima. Kwa hasira, si kwa huzuni. Hata huzuni ilikuwapo.

Jumatano, 9 Desemba
Nimemwomba Rajabu.

Nilimwandama kutwa nzima kabla sijafungua mdomo. Mwisho nikamkuta nyuma ya jikoni anakula wali. Nikasema niazime kamera Jumamosi ya arusi. Alijua kila kitu, Ukunda hakuna siri. Alifurahi mpaka wali ukampalia.

"Fundi wa kamera za kesho! Leo wataka ya juzi?"

Nilitaka kumwagia mchuzi. Nikameza. Akasema sawa, lakini picha zikitoka yeye atasema kazipiga yeye. Ndiyo sharti.

Nikamwambia sema. Simama barazani Gazi uwaambie waume za watu ulikuwa ndani, umewaona wake zao vichwa wazi, na bibi arusi na hina yake. Sema kwa sauti.

Alishika tonge mkononi, anafikiri. Akalirudisha sahanini.

"Basi sema ni zako."

Mpishi alicheka mpaka akakaa chini. Kwa mara ya kwanza mwezi huu nimecheka na mimi. Halafu hasira ikarudi. Namshukuruje mtu kama huyu?

Jumamosi, 12 Desemba
Sikukuu ya Jamhuri. Bendera, ngoma, wageni wamekula mara mbili. Rajabu kampiga karani wa hoteli picha mbele ya bendera. Kiziba kakitoa, nilimkumbusha. Kisha akanipa kamera na filamu mpya moja. Picha nane tu. Nikikosea, basi.

Nimejifunza kwa karatasi ya sanduku la filamu. Jua kali, hivi. Wingu, hivi. Kivulini, hivi. Hakuna kisindano. Macho yangu tu.

Jumapili, 20 Desemba
Jana.

Ndani mulikuwa giza, ukumbi mzima udi na watu. Nikasema hapa hazitoki, aletwe uani. Wazee wa kike wakapiga kelele. Uani! Bibi arusi! Bi Mwanasiti akasema msikilizeni mwanangu. Kaniita mwanangu mbele yao. Wakashika kanga kuzunguka ua wote, ukuta wa kanga, hata kunguru asichungulie.

Zuhura akakaa kwenye kiti cha miguu mitatu, macho chini kama alivyofundishwa. Saa kumi hivi, jua limelala upande, linakuja juu ya makuti. Mwanga mzuri jamani. Sikuhitaji kuambiwa na chuma. Niliujua kwa ngozi ya mkono wangu.

Saba nimepiga za adabu. Ya nane somo yake, yule mwanamke aliyemfunda, alimnong'oneza kitu, sitakiandika, Zuhura akanyanyua uso akacheka kwa meno yote. Nikabonyeza.

Nimeizungusha filamu mpaka mwisho, ikajiviringa ndani ya karatasi yake, nimelamba ncha yenye gundi, nimeifunga. Alfajiri ya leo wamemchukua Tanga. Bi Mwanasiti hakulia. Alikuwa anaitazama filamu mkononi mwangu.

Jumatano, 23 Desemba
Nimerudisha kamera. Rajabu anakwenda Mombasa kesho, kapewa likizo. Nikampa filamu aipeleke studio wakaisafishe, picha zitoke. Aliipokea, akaifutika mfukoni. Akatoa mzaha wake, bila kufikiri hata:

"Huyo wa studio naye mwanamke?"

Alikuwa anacheka. Halafu akaacha kucheka. Nikamtazama. Akaitoa mfukoni taratibu, akaninyooshea kama ameshika yai.

Studio zote za Mombasa ni wanaume. Wanafungia ndani, wanaosha, wanakausha, wanatazama moja moja kwenye taa. Wengine huziweka dirishani kutangaza kazi. Zuhura dirishani! Hina, nywele, meno. Mume wake asikie Tanga.

Ukuta wa kanga wanawake thelathini, halafu nimtie Zuhura mfukoni mwa Rajabu!

Magazeti kumi na moja. Kinundu, kisindano, mkono wa kusogeza, jicho fupi. Mwezi mzima nabishana na dunia kamera iweje. Sikujiuliza hata siku moja nani atasafisha. Wala mjomba. Wala Bi Mwanasiti. Wanawake wote wale, hakuna aliyeuliza. Tulidhani mwanamke akibonyeza imekwisha.

Nimepiga teke ndoo ya sabuni. Mguu umevimba. Sijuti.

Jumapili, 27 Desemba
Gazi. Mvua ndogo asubuhi, kisha jua.

Nimempelekea Bi Mwanasiti filamu. Nimemweleza yote, polepole. Kwamba haijaharibika. Kwamba ikifunguliwa mwangani picha zote zinakufa hapo hapo. Kwamba inataka chumba cha giza, dawa mbili na maji safi, na mtu anayejua. Dawa nimesikia zinapatikana, kujua sijui bado. Nikasema zao la minazi sasa litanunua dawa, si kamera. Mjomba alikuwa mlangoni, akasema haya, na akaondoka kwenda zake. Imekuwa salamu yake ya kwanza kwangu tangu siku ile.

Bi Mwanasiti aliniuliza itachukua muda gani mpaka nijue. Nikasema sijui.

Hakukasirika. Akaipokea, akaigeuza. Nyepesi sana, akasema. Akauliza Zuhura yuko wapi humu. Nikamwonyesha kwa ukucha, juu ya karatasi. Wa kwanza yuko ndani kabisa, amezungukwa na wenzake. Yule anayecheka ni wa mwisho, yuko hapa juu, chini ya karatasi tu.

Basi akalegeza vidole, asije akamfinya.