Paa la Mama Halima

Dada Wakesho,

Baridi ya Wundanyi haijambo? Huku Garissa hata maji ya mtungi ni ya moto. Mchezo wa shule ya Mjomba unahusu usiku, lakini kwa sababu ya kafyu ilibidi uchezwe saa nane mchana. Nilijikaza, nikawaambia walimu kwamba giza linaweza kujengwa. Mama Halima, jirani yetu, akasema, “Mimi nitaleta baa.”

Mjomba, mzee wa kanisa, akashtuka. “Baa? Shuleni?”

“Baa ya nyumba, mwalimu,” akajibu, akionyesha juu.

Kumbe ni paa; ulimi wa Kisomali huigeuza p kuwa b. Alileta mikeka na fito juu ya ngamia, tukajenga kibanda kikubwa, tukafukiza ubani ndani. Niliogopa watu watanicheka, ila walipoingia walipapasa njia kama ni usiku wa manane. Katikati ya mchezo mzee mmoja akaruka wima. “Saa ya kafyu imebita! Askari watatushika!”

Nikainua mkeka, nikamwonyesha jua. Alilitazama, akacheka, akaketi.

“Funga tena, binti yangu,” akasema. “Nataka kuona mwisho.”

Mbusu Mama, nawe ujifunike vizuri.

Mdogo wako,
Mghoi