Mikono Anayoinua Amosi

Kihonda, Morogoro
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, na lile goti liwe limepoa, maana baridi ya Nyandira ya miezi hii naijua. Njegere ulizompa dereva wa fuso zilifika salama, hata hazikunyauka. Nimezipika, tumekula, tumekutaja. Mimi mwili wangu haujambo. Kiwandani msimu wa tumbaku umeanza na nimepangwa tena meza ya kuchambua majani, kwa hiyo kazi ipo na kikohozi kipo. Moyo ndio siwezi kukudanganya, mama. Nina hasira. Naamka nayo, naenda nayo kazini, narudi nayo, na leo nimeona heri niikalishe mezani niiandike.

Sikupigi simu kwa sababu kwenye simu unalia, na ukilia mimi nanyamaza, na nikinyamaza unadhani nimekubali. Juzi uliniamuru nimrudishe Cecilia kwa mumewe. Ulisema mke wa mtu hakai kwa wifi yake siku zote hizo, na kwamba Mchungaji Eustace amekupigia akakueleza yote. Basi na mimi nisikilize. Usimpe mtu akusomee. Vaa miwani yako usome mwenyewe, taratibu, mpaka mwisho.

Cecilia hakuteleza kwenye ngazi. Nyumba ya Amosi haina ngazi, mama. Umelala pale mara ngapi? Mlango uko sawa na uwanja.

Unajua mwanao anavyosifiwa hapa mjini. Ndiye kiongozi wa maombi kanisani kwetu, na sifa zake si za uongo. Akisimama mbele akainua mikono, watu wanaanza kulia kabla hajatamka neno. Wagonjwa wanatoka Mikese kuja kuombewa naye. Hata mimi dada yake mkubwa, niliyembeba mgongoni, nilikuwa nikimsikia anaomba natetemeka. Na mikono hiyohiyo ilikuwa inampiga Cecilia kwa sababu mboga imezidi chumvi, au kwa sababu amechelewa kurudi sokoni, au bila sababu. Marehemu baba hakuwahi kukuinulia mkono, kwa hiyo nimetafuta Amosi amejifunza wapi na nimekosa. Labda hakujifunza popote. Labda aliona tu kwamba hakuna wa kumzuia.

Mara ya kwanza Cecilia alifanya kama kanisa linavyotufundisha. Hakutangaza mtaani, hakukimbilia kwenu. Alikwenda kwa wazee wa kanisa. Waliitisha kikao ofisini kwa mchungaji, na mimi niliitwa kwa kuwa naongoza idara ya wanawake. Amosi alikaa karibu na mchungaji. Cecilia alikaa kwenye benchi karibu na mlango, amejifunga mtandio mpaka kidevuni, na sote tulijua kwa nini amejifunga hivyo kwenye joto lile.

Mchungaji alifungua Biblia akasoma pale wake wanapoambiwa wawatii waume zao. Alisoma vizuri, kwa sauti ya upole, kisha akaifunga. Nikamwomba aendelee, maana mistari inayofuata inawaambia waume wawapende wake zao kama Kristo alivyolipenda kanisa, akajitoa kwa ajili yake. Nilimwambia hivi: “Mchungaji, umesoma deni la mke. Tusomee na la mume.” Akasema muda umekwenda. Muda! Na kikao kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza.

Mzee mmoja akasema kwamba huenda Cecilia angepata mtoto, hasira za mumewe zingetulia. Mwingine akamtaja Ayubu, jinsi alivyovumilia. Hapo ndipo nilipoharibu adabu. Niliwaambia Ayubu hakuvumilia kimya, alilalamika mpaka Mungu mwenyewe akaja kumjibu, na waliokasirikiwa na Mungu ni wale rafiki waliomzunguka wakimwambia kosa ni lake. Nikawauliza, sisi tuliokaa humu ndani ni nani katika habari hiyo? Mchungaji aliniambia nina roho ya ubishi. Kisha wakampa Cecilia kazi: afunge na kuomba kwa ajili ya ndoa yake, na apige magoti hapohapo amwombe mumewe radhi kwa kuitoa siri ya nyumba nje.

Alipiga magoti, mama. Nilimwona. Na Amosi akamwekea mkono kichwani akamwombea, na wazee wakasema amina.

Sasa Jumamosi ya wiki iliyopita alikuwa amefunga, bado anatimiza yale maagizo. Amosi alirudi kutoka mazoezi ya kwaya akakuta hakuna chakula cha mchana. Cecilia akamweleza kwamba amefunga kwa ajili yake. Hilo neno “kwa ajili yako” ndilo lililomkasirisha. Alimpiga na mchi. Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili, na wa kushoto vidole. Aliyesikia kelele akaingia ni Sabra, yule mama Mwislamu wa nyumba ya pili, aliyekuwa anakuletea maandazi ulipokuja. Hakuuliza ni mambo ya ndoa au ya dini. Alimfunga mtandio wake mwenyewe mkononi, akaita bajaji, akampeleka hospitali, na kutoka huko ndiko alikonipigia simu. Nilimkuta Cecilia amelala, ameshamwambia nesi kwamba aliteleza kwenye ngazi. Nilipomuuliza ngazi ipi, aligeukia ukutani.

Kesho yake nilikwenda kanisani. Sabra alibaki hospitali. Nilitaka nione watafanya nini. Mama, mwanao alisimama mbele, akashika kipaza sauti, akaomba kanisa zima limwombee mkewe ambaye shetani amemwangusha. Alilia machozi ya kweli. Kisha akainua ile mikono.

Sikupanga kusimama. Nilijikuta nimesimama tu. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, “Amosi, ishushe.” Nikaendelea: “Mungu alishamwambia Isaya kwamba mkikunjua mikono yenu atawaficha macho yake, kwa sababu imejaa damu. Ishushe mikono yako, Amosi. Ya Cecilia imevunjika, haiwezi kuinuka.”

Mpiga kinanda alianza kupiga ili kunifunika. Wanawake wawili wa idara yangu walinishika mabega wakanitoa nje kwa upole. Mmoja wao akaninong’oneza kwamba na wa kwake ni hivyohivyo. Kisha akarudi ndani, kwenye nafasi yake, kando ya mumewe.

Jumatatu nililetewa ujumbe kwamba nimesimamishwa huduma na ushirika mpaka nitakapotubu. Amosi hakusimamishwa. Mchungaji alisema huduma ya maombi haiwezi kulala kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Sadaka yangu itokayo kwenye tumbaku, ambayo wanaihubiri kila siku kuwa ni dhambi, haikuwahi kusimamishwa.

Nimefika mahali pagumu pa barua hii. Kaa vizuri, mama.

Mchungaji alikuambia Amosi yuko Turiani kwenye mkutano wa injili, na kwamba akirudi anapaswa kumkuta mkewe nyumbani. Amosi hayuko Turiani. Yuko mahabusu tangu Jumatano, na mimi ndiye niliyemfikisha huko.

Jumanne, siku moja baada ya kuruhusiwa hospitali na kuja kwangu, Cecilia aliniomba mwenyewe nimpeleke polisi, kwenye dawati la jinsia. Mimi nilimshika tu kiuno kwa sababu anaumwa. Aliyesema ni yeye. Alimweleza yule askari wa kike kila kitu, hata yale ambayo mimi sikuyajua na sitakuandikia. Lakini Amosi alikuwa ameshapata fununu, akawa halali nyumbani na hapokei simu za mtu yeyote. Askari wakaniuliza kama anaweza kuja kwangu. Nikamtumia ujumbe. Niliandika, “Mdogo wangu, njoo tuombe pamoja, haya mambo yaishe.”

Alikuja, mama. Alikuja na Biblia kwapani na mkate mikononi, kama anavyokuja siku zote. Alinikumbatia. Aliniambia, “Dada, nilijua Mungu atakulainisha.” Alikuwa amefumba macho anaomba, mimi nimekaa mbele yake nimeyafumbua, askari walipotoka jikoni.

Aliponiangalia hakuwa na hasira. Alikuwa na uso ule wa utotoni, wa siku ulipomchapa kwa ajili ya mbuzi aliyemfungulia akala kabichi za watu. Uso huo nauona hata usingizini. Nimetumia maombi kumnasa ndugu yangu wa tumbo moja, na tangu siku ile nikipiga magoti maneno hayaji. Kama ni dhambi, nimeitenda kwa akili timamu na macho makavu, na Mungu ataiona mahali pake. Lakini sitaenda kuifuta kesi polisi. Usinitumie mjomba, usinitumie padre wa huko kwenu, usinipigie kuniambia damu ni damu. Cecilia naye ana damu, niliifua kwenye mtandio wa Sabra.

Najua utataka kuteremka kuja kumwekea Amosi dhamana. Wewe ni mama yake, siwezi kukukataza, na sitakuchukia. Ila ukija utafikia kwangu, na ukifikia kwangu utamkuta Cecilia kwenye kile kitanda unacholalia wewe. Mikono yote miwili iko kwenye plasta. Hawezi kushika kijiko, hawezi kujifunga kanga, hawezi kujifuta machozi. Mimi natoka asubuhi kwenda kiwandani na Sabra ana kazi zake. Kabla hujaenda kituoni, mama, itabidi umpikie uji, uupoze, umlishe. Ukimaliza kumlisha, nenda popote moyo wako utakapokutuma. Mimi sitakuuliza kitu.

Nisalimie mjomba, shangazi na majirani wote wa huko juu. Mwambie dereva wa fuso nashukuru kwa ule mzigo. Ukiamua kuja, njoo na sweta, asubuhi hapa napo kuna ubaridi, na usisahau dawa zako za presha. Cecilia anakuamkia. Amenituma niandike hivyo, shikamoo mama, na zaidi ya hapo hakusema.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,
Yustina